Usiiache Ritani Mpaka Juni

Sheria ya ushuru ya Kenya inampa mtu binafsi miezi sita kamili kuwasilisha ritani yake. Mwaka wa mapato hufungwa tarehe 31 Desemba, na makataa ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Muda huo unatosha kabisa. Hata hivyo, kila mwaka wiki ya mwisho ya Juni hutukuta kwenye foleni za Huduma Centre na kwenye saiba zinazokesha, huku mtandao wa iTax ukiwa mzito kwa kuwa kila mtu ameuingia kwa pamoja. Wengine hufaulu usiku wa manane. Wengine huamka Julai mosi wakiwa na deni la faini.

Habari za faini zimezagaa kote: mtu binafsi anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaopaswa kulipwa kwa ritani hiyo, na kati ya viwili hivyo hutozwa kilicho kikubwa. Lakini ipo hasara nyingine ambayo haitajwi sana, nayo naiona kuwa kubwa zaidi. Anayewasilisha dakika za mwisho hana muda wa kusoma anachokiwasilisha. Na ritani ndiyo nafasi ya mfanyakazi, mara moja kwa mwaka, kukagua yaliyofanywa kwa jina lake: mwajiri alikata kiasi gani, alikifikisha kwa Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru (KRA) au alikikalia, na iwapo unafuu aliostahili kupewa alipewa. Ukikimbizana na makataa unaipoteza nafasi hiyo. Makosa ya watu wengine yanakuwa yako, kwa sababu ni wewe uliyetia alama pale chini kuthibitisha kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli.

Ndiyo maana ushauri wangu, kwa yeyote anayenisikiliza, ni kwamba ritani ni kazi ya Februari na Machi. Juni iachwe iwe akiba ya dharura.

Kazi yenyewe huanzia kwenye fomu ya P9. Hii ni karatasi moja anayokupa mwajiri baada ya mwaka kuisha, yenye safu mlalo 12, moja kwa kila mwezi, na safu wima zinazoonyesha mshahara wa msingi, marupurupu, jumla, michango ya uzeeni, kiasi kinachotozwa ushuru, ushuru wenyewe, unafuu wa kibinafsi, na mwishoni PAYE, yaani ushuru uliokatwa kwenye mshahara. Watu wengi huipokea, huangalia jumla ya chini kulia, basi. Naomba uisome yote. Chukua pesilipu yako ya Desemba na nyingine mbili tatu za katikati ya mwaka, uzilinganishe na safu zake. Hesabu miezi. Angalia kama nambari ya ushuru (PIN) iliyoandikwa ni yako, herufi kwa herufi, na kama PIN ya mwajiri ipo.

Nimewahi kuketi na muuguzi wa hospitali ya kibinafsi tukiwa na P9 yake mezani. Jina lilikuwa sahihi na PIN ilikuwa sahihi. Tulipohesabu miezi tulipata 11, maana Oktoba haikuwepo. Pesilipu ya Oktoba alikuwa nayo kwenye simu, na ilionyesha wazi kwamba PAYE ilikatwa mwezi huo kama kawaida. Tulikuwa mwezi wa Machi, kwa hiyo aliandika barua kwa idara ya wafanyakazi, akaambatisha ile pesilipu, akangoja. Baada ya wiki kadhaa orodha ya mishahara iliyopelekwa KRA ilirekebishwa na P9 mpya ikatoka. Fikiria kama angeligundua pengo hilo tarehe 29 Juni. Angelazimika kuchagua kati ya kuwasilisha ritani yenye mwezi uliopungua na kuchelewa apigwe faini.

Kisa cha namna hiyo hutokea kwa sababu mwajiri ana ritani yake mwenyewe. Kila mwezi, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, anatakiwa kupeleka PAYE aliyowakata wafanyakazi pamoja na orodha inayoitwa P10, ambamo jina lako, PIN yako na kiasi ulichokatwa huandikwa. Unapojaza ritani, iTax huvuta habari kutoka kwenye orodha hiyo na kukuletea ikiwa imeshajazwa. Urahisi huu umewasaidia wengi, lakini umezaa mazoea mabaya ya kubofya tu bila kulinganisha. Takwimu zilizoletwa na mtandao ni kile mwajiri alichosema. P9 na pesilipu zako ndizo zinazoonyesha kilichokupata wewe. Zikipingana, usifiche tofauti kwa kuandika takwimu itakayoufanya mtandao ukubali. Mwandikie mwajiri, uhifadhi nakala ya barua, na akikaa kimya ripoti jambo hilo KRA ukiwa na pesilipu zako. PAYE iliyokatwa kwenye mshahara wako ni pesa zako zilizokabidhiwa mtu mwingine azifikishe, na una haki ya kuuliza zilifika wapi.

Kuna jambo la kukagua ambalo ni geni kidogo. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa bima ya afya ya SHIF na ushuru wa nyumba za bei nafuu huondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE kupigwa, sawa na mchango wa uzeeni wa NSSF. Kabla ya hapo ushuru ulipigwa kwanza, kisha ukapewa unafuu mdogo. Kwa hiyo katika P9 ya mwaka 2025 na inayofuata, kiasi kinachotozwa ushuru kinapaswa kuwa kile kilichobaki baada ya makato hayo yote matatu. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wa jumla na ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5. Kwa anayepokea shilingi 60,000, hayo mawili ni shilingi 2,550 kwa mwezi. Kama yuko kwenye ngazi ya asilimia 30 na mwajiri hakuyaondoa, amelipa shilingi 765 zaidi kila mwezi, ambazo ni shilingi 9,180 kwa mwaka. Ni karo ya mtoto hiyo, au mbolea ya shamba.

Sasa tuje kwa wenye waajiri wawili, kwa sababu hapa ndipo watu waaminifu kabisa hujikuta na deni wasilolitarajia. Tuseme una kazi ya kudumu ambayo mshahara wake unaotozwa ushuru ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na jioni unafundisha katika chuo kimoja kwa shilingi 20,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na kutoka hapo hadi 500,000 ni asilimia 30. Mwajiri wa kwanza anapiga hesabu yake, anakupa unafuu wa kibinafsi wa shilingi 2,400, anakukata karibu shilingi 7,383. Yule wa chuo naye anaziona shilingi 20,000 peke yake. Asilimia 10 yake ni 2,000, anaondoa unafuu wa 2,400, na hakuna kinachobaki cha kukata. Kila mmoja anaamini amefanya sawa.

Lakini unafuu wa kibinafsi ni mmoja kwa mtu mmoja, na zile ngazi za chini ulishazitumia kwenye kazi ya kwanza. Mapato yakijumlishwa kwenye ritani, shilingi 20,000 zote za chuo zinaangukia asilimia 30. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, shilingi 72,000 kwa mwaka, nazo unadaiwa wewe. Hukuiba na hukuficha chochote. Mpango ulikuwa mbovu tangu Januari na hakuna aliyekwambia. Dawa yake ni rahisi: siku unayoanza kazi ya pili, mwarifu mwajiri huyo kwa maandishi kwamba una kazi nyingine inayokupa unafuu, ili akukate kwa kiwango cha juu bila unafuu. Mshahara utakaofika mkononi utapungua, ni kweli. Afadhali hivyo kuliko kudaiwa 72,000 kwa mkupuo.

Na deni hilo halingojei Juni. Hili ningetamani lingetangazwa kwa sauti ileile inayotangaza tarehe 30 Juni. Ritani ina makataa ya Juni, lakini ushuru uliobaki kulipwa una makataa ya tarehe 30 Aprili. Anayejaza ritani Juni 28, akaona anadaiwa 72,000 na kuzilipa palepale akijipongeza kwa kuwahi, tayari amechelewa kwa miezi miwili. Adhabu ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5, yaani shilingi 3,600 katika mfano wetu, na riba ni asilimia 1 kwa mwezi, yaani shilingi 720 kila mwezi unaopita. Huwezi kujua unadaiwa kiasi gani mpaka ujaze ritani, na ukiijaza baada ya Aprili utakuwa umejua kwa kuchelewa. Kwa mtu yeyote mwenye pato zaidi ya mshahara mmoja, hii peke yake ni sababu tosha ya kuimaliza kazi kabla ya Pasaka.

Wale ambao sehemu kubwa ya pato lao haipitii kwa mwajiri wana kalenda ngumu zaidi. Kama ushuru wako wa mwaka unaolipa mwenyewe, mbali na ule uliokatwa, unafikia shilingi 40,000, sheria inakutaka ulipe kwa awamu katika mwaka wenyewe: tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Mwenye nyumba za kupangisha anayekusanya kodi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi aliyopokea, na hutakiwa kulipa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mfanyabiashara mdogo aliye chini ya ushuru wa mauzo hulipa asilimia 3, kwa utaratibu huohuo wa kila mwezi.

Yapo pia mambo mema yanayowangoja wanaosoma ritani zao kwa makini. Aliyepoteza kazi katikati ya mwaka huenda akadhani KRA ndiyo inayomdai, kumbe ni yeye anayeidai KRA. Mwajiri hukata PAYE kila mwezi kana kwamba utalipwa vivyo hivyo miezi yote 12. Ritani huhesabu mwaka mzima. Mtu aliyelipwa shilingi 100,000 zinazotozwa ushuru kwa mwezi, Januari mpaka Mei, kisha akakaa bila kazi hadi Desemba, alitozwa kabla ya unafuu shilingi 24,783 kila mwezi, jumla karibu shilingi 123,917. Lakini pato lake la mwaka ni shilingi 500,000, na kwa ngazi za mwaka (288,000 za kwanza kwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25, zilizobaki kwa asilimia 30) ushuru wake kabla ya unafuu ni shilingi 87,400. Tofauti inazidi shilingi 36,000.

Pesa hizo hazijirudishi zenyewe. Lazima uwasilishe ritani, kisha uombe kurejeshewa kupitia iTax, ukiambatisha P9 na maelezo ya benki, na una miaka mitano ya kufanya hivyo. Mchakato huenda polepole na wakati mwingine utaombwa stakabadhi zaidi. Usikate tamaa. Nimeona watu waliofutwa kazi wakiziacha fedha hizi kwa sababu walidhani asiye na kazi hana haja ya ritani, hali yeye ndiye aliyeihitaji kuliko jirani yake aliye kazini.

Unafuu mwingine hutegemea karatasi ambazo wewe mwenyewe unapaswa kuziomba. Malipo ya bima ya maisha, ya afya au ya elimu (ile ya elimu iwe ya miaka 10 au zaidi) hukupa unafuu wa asilimia 15 ya ulicholipa, unafuu wenyewe usizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Kampuni ya bima ndiyo hutoa cheti. Riba ya mkopo wa kununua au kujenga nyumba unayoishi huondolewa kwenye pato, na kikomo chake kilipandishwa mwishoni mwa 2024 kutoka shilingi 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Cheti hicho hutoka benki. Mchango wa uzeeni nao sasa unaruhusiwa hadi shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti cha KRA halipi ushuru kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, ila cheti kina muda wake na ukiisha bila kuombwa upya mwajiri hurudi kukata kama kawaida. Angalia tarehe ya cheti chako leo, usingoje karani wa mishahara akukumbushe.

Anayefanya kazi za ushauri, uandishi, usanii au maudhui ya mtandaoni mara nyingi hukatwa ushuru wa zuio wa asilimia 5 kabla ya kulipwa. Kiasi hicho ni ushuru uliotangulizwa, na kwenye ritani unakitoa katika unachodaiwa. Cheti chake huletwa na iTax kwenye barua pepe uliyojisajilia. Ikiwa barua pepe hiyo ni ya zamani, ushahidi wa pesa zako uko kwenye sanduku usiloweza kulifungua. Na mwenye biashara ajue kwamba tangu Januari 2024 gharama ambazo hazina ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) hazikubaliwi kupunguza pato, isipokuwa chache zilizosamehewa na sheria. KRA imetangaza pia kwamba ritani zinazowasilishwa kuanzia Januari 2026 zitalinganishwa na ankara hizo na vyeti vya zuio. Ankara za mwaka mzima huwezi kuzitafuta kwa usiku mmoja wa Juni.

Nina neno kwa vijana, na kwa wazazi wao. Kijana anamaliza kidato cha nne, anahitaji PIN ili aombe mkopo wa masomo wa HELB au afungue akaunti ya benki, anaenda saiba, anaipata kwa dakika 10. Hakuna anayemweleza kwamba kuanzia siku hiyo anadaiwa ritani kila mwaka, awe na kazi au asiwe nayo. Anahitimu, anaitwa kwenye usaili, anaambiwa alete cheti cha kuonyesha ametimiza wajibu wake wa ushuru. Anaingia iTax na kukuta shilingi 2,000 kwa kila mwaka uliopita. Hana kazi, na anadaiwa faini ya kutotangaza kwamba hana kazi. Naliona jambo hili kuwa uonevu, na ningefurahi siku sheria itakapomtambua mwanafunzi kama mwanafunzi. Mpaka siku hiyo ifike, mzazi, mketishe mwanao mwezi wa Januari. Ritani ya nil, ile ya asiye na pato lolote, inaanza kupokelewa mwaka ukigeuka, haihitaji P9 wala risiti, na inakamilika kwa dakika chache hata kwenye simu kupitia programu ya KRA. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu walio Qatar, Saudi Arabia au kwingineko: aliyekaa nje mwaka mzima na hana pato lolote hapa nyumbani bado PIN yake iko hai, na ritani yake bado inangojewa.

Lakini nil ni ya asiye na pato tu. Hapa lazima niseme wazi kuhusu saiba. Vijana wanaofanya kazi humo wengi ni waungwana na wametufaa sana. Ila wiki ile ya Juni wanahudumia watu kwa haraka, wanalipwa kwa kichwa, na ritani ya nil ndiyo ya haraka kuliko zote. Kuna watu walioajiriwa, wanaokatwa PAYE kila mwezi, ambao wamejaziwa nil miaka mitatu mfululizo bila kujua. KRA ina P10 ya mwajiri inayosema ulilipwa, na ina ritani yako inayosema hukupata kitu. Taarifa hiyo ni ya uongo, na imetolewa kwa jina lako. Ukigundua umetendewa hivyo, usiogope. iTax inaruhusu kuwasilisha ritani iliyorekebishwa ndani ya miaka mitano. Rekebisha kabla hujaulizwa.

Ukienda saiba, nenda na P9 mkononi na uketi karibu na skrini. Hakikisha barua pepe na nambari ya simu kwenye akaunti ni zako. Watu wengi walisajiliwa kwa barua pepe ya saiba, na saiba ilishafungwa zamani. Kubadilisha huko huenda kukakulazimu kufika ofisini ukiwa na kitambulisho, kazi ambayo Februari haina foleni. Badilisha nenosiri ukishamaliza, hata kama unamwamini aliyekuhudumia. Na usiondoke bila stakabadhi ya kuthibitisha kwamba ritani imepokelewa, yenye jina lako, mwaka na nambari yake. Ujumbe wa maneno kwamba "imeingia" hautakusaidia miaka miwili baadaye. Ihifadhi pamoja na P9 na vyeti vyote kwa miaka mitano, maana huo ndio muda ambao sheria inakutaka uweke kumbukumbu.

Anayejijazia mwenyewe atumie anwani ya itax.kra.go.ke aliyoiandika kwa mkono wake. Majira ya ritani ni majira ya matapeli pia, na jumbe za simu zinazodai una pesa za kurejeshewa ukibofya kiungo fulani huongezeka. Kama pato lako ni mshahara mmoja tu, chagua ritani ya pato la ajira pekee, hiyo hujazwa moja kwa moja kwenye ukurasa. Kama una zaidi ya hapo, utapakua jedwali la Excel lenye karatasi nyingi. Usitishike na wingi wake. Nyingi hazikuhusu. Mwenye mshahara atajaza sehemu ya F ya mapato ya ajira, sehemu ya M ya PAYE iliyokatwa, kisha atasoma sehemu ya T, ambako hesabu ya mwisho hufanyika. Isome hiyo kwa utulivu. Kwa aliyeajiriwa mahali pamoja mwaka mzima kwa mshahara uleule, jibu linapaswa kuwa sufuri au shilingi chache tu za makadirio ya senti. Likitoka deni la makumi ya maelfu, kuna kitu kimeandikwa vibaya, aghalabu PAYE haikujazwa kwenye M au unafuu umesahaulika. Simama hapo, tafuta kosa, usiwasilishe.

Na aliyekwisha kuchelewa je? Wasilisha leo. Watu huona aibu, au huogopa faini, wakaacha mwaka wa kwanza uzae wa pili na wa tatu. Kila mwaka usiowasilishwa ni faini yake peke yake. Anza na mwaka wa nyuma kabisa uje mbele, mpaka orodha iishe. Kama kuna ushuru wa kulipa na huna pesa zote, omba mpango wa kulipa kidogo kidogo. Riba huhesabiwa kwa kilichobaki, kwa hiyo kila shilingi unayolipa inapunguza mzigo. Kama faini uliyotozwa huikubali, una siku 30 za kupinga kwa maandishi, na siku hizo hupita upesi. Ila usijenge maisha yako juu ya kungoja msamaha. Ni kweli serikali ilitoa msamaha wa riba na adhabu kuanzia Septemba 2023 hadi Juni 2024, kisha ukaja mwingine uliomalizika tarehe 30 Juni 2025, ukigusa madeni ya hadi mwisho wa 2023. Waliofaidika zaidi ni wale ambao ritani zao zilikuwa zimewasilishwa na ushuru wenyewe umelipwa, maana adhabu zao zilifutwa hata bila kuomba. Asiyewasilisha hana hata kiasi cha kusamehewa. Hesabu yake haijulikani.

Basi, ndugu msomaji, kama P9 yako ya mwaka uliopita bado haijafika mkononi, mwandikie mwajiri wako leo, kwa barua pepe ili ubaki na tarehe. Ikifika, hesabu miezi yake kabla ya kufungua iTax.